Fundi Martin na Farisayo Aliyesahauliwa: Tahakiki ya Hadithi Moja ya Tolstoy

Yapo masimulizi ambayo mhubiri huyapokea kutoka kwa wahubiri waliomtangulia, naye akayatumia miaka mingi bila kuuliza yametoka wapi wala yanafundisha nini hasa. Mojawapo ni hadithi ya fundi viatu aliyeahidiwa kutembelewa na Kristo. Tumeisikia katika ibada za Majilio, katika semina za uwakili, katika mikutano ya akina mama na ya vijana. Kwa kawaida husimuliwa kwa ufupi: fundi alimngoja Bwana mchana kutwa; Bwana hakuonekana; wakapita watu wenye shida, naye akawasaidia; jioni akaambiwa kwamba Bwana ndiye aliyemjia katika watu hao. Kisha hufuata wito kwamba nasi twende tukafanye vivyo hivyo.

Sisi wenyewe tumeihubiri hivyo. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika usharika wa kijijini, tuliitumia katika Jumapili moja ya Majilio. Baada ya ibada mjane mmoja mzee alisubiri hadi watu wakapungua mlangoni, akatushika mkono, akasema: "Baba Mchungaji, hadithi ni nzuri. Lakini mimi sina chai ya kumpa mtu, wala koti la kumvika. Katika hadithi hiyo mimi ni nani?" Tulimjibu upesi kwamba hata neno jema ni sadaka. Aliitikia kwa heshima, akaenda zake. Jibu lile halikumtosha, nasi pia halikututosha.

Katika makala haya tunakusudia kuirudia hadithi yenyewe kama ilivyoandikwa, si kama inavyosimuliwa, ili tuone kama swali la mama yule linajibika. Jambo linalobishaniwa si dogo. Tunapowahimiza washarika wamtafute Mungu na kumkaribisha Kristo katika maisha ya kila siku, je, tunawahubiria Injili, au tunawaongezea sheria iliyopambwa kwa hadithi tamu?

1. Asili ya hadithi

Mwandishi ni Leo Tolstoy (1828–1910), Mrusi aliyekwisha kupata sifa duniani kwa riwaya zake kubwa kabla hajageukia maandiko mafupi ya kidini. Hadithi hii, ambayo jina lake lina maana kwamba upendo ulipo ndipo alipo Mungu, aliitoa mwaka 1885. Ilikuwa miongoni mwa zile alizoziandikia shirika la uchapaji la Posrednik, lililoanzishwa mwaka 1884 ili kuwapatia wakulima na mafundi vijitabu vya bei nafuu. Basi haikuandikwa kwa ajili ya wasomi. Sentensi zake ni fupi na lugha yake ni ya watu wa kawaida.

Kisa chenyewe hakikuanzia kwa Tolstoy. Kabla yake Ruben Saillens, mchungaji wa Kibaptisti wa Ufaransa, alikuwa ameandika habari za Mzee Martin, fundi viatu wa Marseille. Tolstoy alikikuta kisa hicho katika Kirusi, akakisimulia upya kwa namna yake. Wengine kati yetu wamekisoma katika vitabu vya watoto vya Kiingereza, ambamo fundi huitwa Panov.

Tukiyalinganisha masimulizi haya tunaona tofauti moja yenye uzito. Kwa Saillens, na katika kisa cha Panov, mambo hutukia wakati wa Krismasi. Fundi anasoma habari za kuzaliwa kwa Bwana, anasikitika kwamba Mariamu na Yusufu walikosa nafasi katika nyumba ya wageni, na anawaza kwamba yeye angewapokea. Tolstoy aliiondoa Krismasi. Kwake ni siku ya kazi tu, katika majira ya baridi. Aliondoa pia somo la kuzaliwa kwa Bwana, akaweka mahali pake somo jingine kabisa. Wahubiri wengi tumeacha badiliko hili litupite, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye ufunguo wa hadithi nzima.

2. Farisayo aliyesahauliwa

Martin Avdeich anaishi katika chumba kilicho chini ya usawa wa barabara, chenye dirisha moja. Kupitia dirisha hilo haoni nyuso za wapita njia bali miguu yao, naye huwatambua kwa viatu kwa kuwa vingi amevishona au kuvitia viraka yeye mwenyewe. Mkewe alikufa akamwachia mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mtoto akakua, akafikia umri wa kumsaidia baba yake, kisha akaugua homa akafa. Martin akamnung'unikia Mungu, akaomba afe naye, akaacha kwenda kanisani. Ndipo mzee mmoja wa kijijini kwao, aliyekuwa msafiri wa mahali patakatifu kwa miaka minane, akamshauri asome Injili. Martin akanunua Agano Jipya la maandishi makubwa. Mwanzoni alikusudia kulisoma sikukuu tu, lakini likamvuta hata akawa analisoma kila usiku mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Usiku mmoja anafika Luka 7:36-50, habari za Simoni Farisayo na mwanamke mwenye dhambi aliyeilowesha miguu ya Bwana kwa machozi. Simoni alikuwa mwenyeji, lakini hakutoa maji ya miguu, wala busu, wala mafuta. Martin anavua miwani yake, anatafakari, na kujiambia kwamba Farisayo yule alikuwa mtu kama yeye: aliyejijali mwenyewe akakaa kwa raha bila kumfikiri mgeni. Naye mgeni alikuwa nani? Alikuwa Bwana mwenyewe. Katika mawazo hayo analala usingizi, na katika usingizi anaisikia sauti ikimwita kwa jina na kumwahidi kwamba kesho atajiwa.

Wasomaji watauona umbali uliopo kati ya mianzo hii miwili. Fundi wa Krismasi anasoma juu ya wenye nyumba walioukataa ujio wa Bwana, naye anajiona kuwa mwema kuliko wao. Martin wa Tolstoy anasoma juu ya mwenyeji aliyepungukiwa, naye anajitambua kuwa ndiye. Wa kwanza anaanza na nia njema; wa pili anaanza na maungamo. Ahadi ya kutembelewa haiji kama thawabu ya ukarimu, kwa maana ukarimu bado haujatendeka. Inamjia mtu aliyejiona katika kiti cha Farisayo.

Kwa mwanateolojia wa Kilutheri utaratibu huu si jambo la pembeni. Neno linatangulia, Neno linamhukumu msikilizaji, aliyehukumiwa anapewa ahadi, na kutokana na ahadi yanatoka matendo. Luther aliufundisha utaratibu huo katika andiko lake juu ya uhuru wa Mkristo mwaka 1520, aliposema kwamba Mkristo haishi ndani ya nafsi yake, bali ndani ya Kristo kwa imani na ndani ya jirani kwa upendo. Tunapoisimulia hadithi ya fundi bila Farisayo tunaubakiza upendo na kuung'oa mzizi wake. Yanayobaki ni mashindano ya wema, na katika mashindano hayo mjane asiye na chai wala koti ameshindwa kabla hajaanza.

3. Wageni wa siku moja

Siku inayofuata Martin anafanya kazi huku akichungulia dirishani. Wa kwanza ni Stepanich, askari mzee anayeondoa theluji barabarani wala nguvu zake hazitoshi. Martin anamwita aote moto, anamnywesha chai. Stepanich anamaliza, anaigeuza bilauri kifudifudi kuonyesha kwamba ametosheka, lakini inaonekana wazi kwamba angependa nyingine, na Martin anamjazia tena. Wa pili ni mke wa askari, mwenye mtoto mchanga na nguo za kiangazi katika baridi kali. Martin anampa mkate na supu ya kabichi, koti kuukuu, na fedha kidogo za kulikomboa shali lake lililowekwa rehani. Mama anapokula, Martin anamchezesha mtoto kwa kidole, lakini hathubutu kukitia kinywani mwake kwa sababu ni cheusi kwa nta ya kushonea viatu.

Tunazitaja habari hizi ndogo kwa makusudi, kwa kuwa zinaonyesha ustadi wa Tolstoy na pia theolojia iliyomo. Martin hawatendei watu hawa wema akijua ni Kristo. Anaendelea kulitazama dirisha, akimngoja mwingine. Stepanich anapewa bilauri ya pili kwa sababu Stepanich anataka bilauri ya pili. Ndivyo ilivyo pia katika Mathayo 25: wenye haki wanashangaa na kuuliza ni lini walimwona Bwana ana njaa. Mshangao wao ni sehemu ya haki yao. Anayemlisha maskini kwa hesabu kwamba huyu huenda ni Kristo aliyejificha, amemfanya maskini kuwa ngazi. Tunapomaliza mahubiri kwa kusema "wasaidieni, kwa maana hamjui kama ni Yesu", tunaua mshangao huo, na jirani anakoma kuwa jirani.

Lakini ziara iliyo kilele cha hadithi, kwa maoni yetu, ni ya tatu, ambayo mara nyingi hukatwa ili kuokoa muda. Bibi mwuza matofaa amemkamata mvulana aliyemwibia tofaa moja; amemshika nywele na anataka kumpeleka polisi. Martin anatoka mbio, anajikwaa ngazini, miwani yake inaanguka. Anawaachanisha, anamtaka mvulana aombe msamaha, kisha anampa tofaa kutoka kikapuni na kuahidi kulilipa yeye. Bibi anapolalamika kwamba hivyo ndivyo watoto wanavyoharibiwa, Martin anamsimulia mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa akaenda kumkaba mwenziwe aliyewiwa naye kidogo (Mathayo 18:23-35). Moyo wa bibi unalainika. Anapotaka kuunyanyua mzigo wake, mvulana anaruka kumbebea, nao wanaondoka pamoja. Na bibi anasahau kumdai Martin bei ya tofaa.

Hapa hakuna chai wala koti. Kinachotolewa ni msamaha, na mwishoni deni lenyewe limesahauliwa. Hivyo tunarudishwa kwenye somo la usiku uliotangulia, kwa kuwa nyumbani kwa Simoni pia Bwana alisimulia mfano wa wadeni wawili, mmoja wa dinari mia tano na mwingine wa dinari hamsini, wote wakasamehewa. Alichokisoma Martin usiku kimefanyika barabarani mchana. Na tuangalie jambo hili: anayemshikilia mwivi ni bibi maskini, na anayemwachilia ni huyo huyo. Yeye asiye na kitu alikuwa na kitu cha kuachilia. Laiti tungaliisimulia sehemu hii katika Jumapili ile ya Majilio.

4. Mahali hadithi inapopungukiwa

Haitupasi kuisifu hadithi hata tukaficha udhaifu wake. Tunaona mambo mawili.

Kwanza ni jibu analopewa baba aliyefiwa. Mzee msafiri anamwambia Martin kwamba hatuwezi kuyahukumu matendo ya Mungu. Kama Mungu ameamua mwana afe na baba aishi, basi ndivyo ilivyo bora. Na kwamba anakata tamaa kwa sababu anataka kuishi kwa ajili ya furaha yake mwenyewe. Kila mchungaji aliyesimama kando ya kaburi la mtoto anajua jinsi maneno kama hayo yanavyoingia sikioni mwa mzazi. Ni maneno ya rafiki zake Ayubu. Hayana msalaba ndani yake. Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alitofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba; na mzee yule, kwa unyenyekevu wake wote, anazungumza kama wa kwanza. Anajua mno kwa nini mtoto alikufa. Tungependa Martin aelekezwe kwa Mungu ambaye Mwanawe mwenyewe alilia msalabani, si kwa Mungu anayejua lililo bora tu.

Pili, katika hadithi hii Kanisa halipo. Martin aliacha kwenda kanisani kwa uchungu, na hatuambiwi kwamba alirudi. Hakuna ubatizo unaokumbukwa wala Chakula cha Bwana. Jambo hili si la bahati. Katika miaka hiyo Tolstoy alikuwa akiitengeneza Injili yake mwenyewe, akiondoa miujiza na ufufuo na kubakiza mafundisho ya maadili. Na mwaka 1901 Sinodi Takatifu ya Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi ilitangaza kwamba hayumo tena katika ushirika wake. Mtu asiyeamini ufufuo anawezaje kuandika juu ya Kristo anayekuja? Anaweza, ikiwa kuja huko ni lugha tu ya kuwapenda wanadamu.

Hata hivyo, hapa msanii amemshinda mwalimu. Jioni Martin anawasha taa na kukusudia kuifungua Injili pale alipoishia, lakini inafunguka mahali pengine. Katika kona yenye giza wanatokea, mmoja baada ya mwingine, Stepanich, mama na mtoto, bibi na mvulana, na sauti inasema kwamba ni yeye. Kisha Martin anasoma ukurasa uliofunguka wenyewe, nao ni Mathayo 25. Tolstoy mwalimu angaliweza kumaliza kwa funzo. Tolstoy msanii alijua kwamba hadithi haikamiliki asipokuwapo anayesema "ni mimi". Maadili peke yake hayamwiti mtu kwa jina.

Tuongeze neno moja kwa wanachuo. Wapo wafafanuzi wanaoshika kwamba "ndugu zangu walio wadogo" wa Mathayo 25:40 ni wanafunzi na wajumbe wa Kristo, wakilinganisha na Mathayo 10:40-42. Wengine wanashika kwamba ni kila mhitaji. Tolstoy amechukua maana ya pili bila kuuliza. Mhubiri anaweza kumfuata, lakini ajue kwamba kuna hoja ya kujibu, na kwamba kwa vyovyote vile anayejitambulisha na wadogo hao ni Mwana wa Adamu aliye karibu kusulibiwa. Sura inayofuata inaanza na habari hiyo.

5. Nani anabisha hodi?

Sasa turudi kwenye lugha tunayoizoea. Tunawaambia watu wamkaribishe Yesu, na kwa kawaida tunatumia Ufunuo 3:20, Bwana akiwa amesimama mlangoni akibisha. Watu wetu huielewa picha hiyo mara moja, kwa kuwa hakuna aingiaye nyumba ya mtu bila hodi. Lakini tumezoea kuigeuza kuwa mwaliko kwa wasioamini, hali barua ile iliandikiwa usharika, yaani Laodikia, uliojiona tajiri na usiohitaji kitu. Mlango uliofungwa ni wa kanisa. Tena anayebisha ndiye aliyeifunga safari. Wa ndani hakumtafuta.

Ndivyo ilivyo katika Maandiko kwa jumla. Paulo anasema hakuna amtafutaye Mungu (Warumi 3:11). Zakayo alipanda mkuyu akidhani ni yeye anayetafuta, akajikuta ametafutwa (Luka 19:1-10). Katika ufafanuzi wa Sehemu ya Tatu ya Imani, Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 inatufundisha kukiri kwamba hatuwezi kumjia Kristo kwa akili wala nguvu zetu, bali Roho Mtakatifu ndiye anayetuita kwa Injili. Martin naye hakumtafuta Mungu, alikuwa amemwacha. Aliletewa shauri na mzee aliyepita njia, akaletewa Neno, akaletewa ahadi, akaletewa wageni.

Na anapokwisha kuingia, mgeni huyu habaki mgeni. Kule Emau wanafunzi wawili walimsihi akae kwao, lakini walipoketi mezani ni yeye aliyeutwaa mkate, akaubariki, akaumega, akawapa (Luka 24:28-31). Aliyekaribishwa amekuwa mwenyeji. Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida tunaitaja methali hii kwa mzaha mgeni anapofika na kitoweo kikapikwa. Hapa inasema kweli kuliko ilivyokusudiwa. Martin alidhani kwamba anawaponya wageni wake kwa chai na supu. Kumbe ni yeye aliyekuwa mgonjwa, mtu aliyemwomba Mungu kifo, na siku ile alipona.

6. Hitimisho: jibu tulilochelewa kulitoa

Je, tuiache hadithi hii? Hatusemi hivyo. Tunasema isimuliwe nzima. Mhubiri asiliruke somo la Simoni, kwa maana bila hilo Martin ni mtu mwema tu. Asiiruke ziara ya tatu, kwa maana hapo ndipo msamaha unapotembea barabarani. Asiyarudie maneno ya mzee msafiri mbele ya wafiwa kana kwamba ni Injili. Na asipokuwapo Kristo wa Meza katika hadithi, mhubiri anayesimama hatua chache kutoka madhabahuni hana udhuru wa kutomtaja.

Mama yule aliuliza yeye ni nani. Leo tungemjibu hivi. "Mama, kwanza, katika hadithi hiyo wewe ni miongoni mwa wale ambao Kristo alisema juu yao kwamba ni yeye. Hakusema hivyo juu ya fundi. Pili, wewe ni bibi mwuza matofaa, ambaye hakuwa na cha kugawa lakini alikuwa na la kusamehe, na njiani akapata mtu wa kumbebea mzigo. Tatu, wewe ni Martin mwenyewe, uliyewazika wapendwa wako. Na yule unayedhani huna cha kumwandalia anakuja na mkate mkononi."

Na baada ya kumjibu hivyo ingetupasa tumwulize kama nyumbani kwake kuna unga. Swali lake lilikuwa la kiteolojia, lakini lilitoka kwa mtu ambaye kwa kweli hakuwa na chai, nasi tulisimama naye mlangoni pa kanisa tukiwa tumetoka kuhubiri habari za fundi aliyekuwa akilitazama dirisha.